Baiskeli inapotikisa kichwa mteremkoni: kusoma dalili na kupata chanzo

Huku Mbeya, ukishuka Iwambi kwenda Mbalizi, au ukitoka Isyonje kuelekea Kiwira, baiskeli inaweza kutulia vizuri mpaka kasi fulani, halafu ghafla usukani ukaanza kwenda kushoto na kulia wenyewe, mara nne hadi nane kwa sekunde. Mwanzoni ni kidogo tu, kama unapita juu ya changarawe. Ukiuachia, unakua: baada ya sekunde chache fremu nzima inajipinda, siti inakupiga huku na huku, na mikono haiwezi tena kuushinda usukani. Hapa tutaita hali hiyo kutikisa kichwa.

Kabla ya kushika spana, jua kwanza namna ya kuituliza ukiwa barabarani.

Ikishaanza

Bana bomba la juu la fremu kwa magoti. Hili lina nguvu kuliko mengine yote. Goti moja likiegemea kwa nguvu linasaidia. Yote mawili yakibana ni bora zaidi. Nyama ya paja ni laini, inanyamazisha fremu kama kiganja kinavyonyamazisha kengele iliyogongwa. Kwenye baiskeli ya kike, isiyo na bomba la juu, bana pua ya siti kwa mapaja.

Wakati huohuo weka pedali zilingane, moja mbele na moja nyuma, simamia miguu na uinue makalio sentimita mbili au tatu tu. Usisimame wima. Uzito wako ukiwa umekaa kwenye siti unaishikilia fremu kwa nyuma, na fremu iliyoshikiliwa nyuma ina uhuru wa kujipinda mbele. Ukiuhamishia kwenye pedali, mpigo unavunjika.

Mikono ishike usukani bila kuukaba, viwiko vikiwa vimekunjwa. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu hofu inakaza mikono yenyewe. Mikono iliyonyooka na kukakamaa inaunganisha kifua chako na usukani, na kila unapojaribu kuusahihisha unachelewa kidogo, kwa hiyo unausukuma upande uleule unakokwenda.

Breki: anza na ya nyuma, taratibu, kisha ongeza ya mbele kidogo kidogo. Ukiikamata ya mbele kwa ghafla, uzito wote unalalia gurudumu lilelile linalotikisika. Jua mapema breki ipi iko mkono upi. Phoenix na baiskeli nyingi za Kihindi zina breki ya mbele mkono wa kulia, lakini mtumba uliotoka Ulaya bara mara nyingi una breki ya mbele mkono wa kushoto, na mteremkoni si mahali pa kugundua hilo. Kwa kawaida ukipunguza kilomita 5 hadi 10 kwa saa, usukani unatulia.

Usikimbilie ukingoni wakati bado unatikisika. Sehemu nyingi za barabara kuu lami imemomonyoka pembeni, na gurudumu linaloyumba likishuka ule ukingo halipandi tena. Kaa kwenye mstari wako, punguza kasi, tulia, ndipo utoke.

Kinachotokea

Piga mstari wa kufikirika kupitia shingo ya usukani hadi ardhini. Utagusa ardhi sentimita 4 hadi 7 hivi mbele ya pale tairi linapoikanyaga. Maana yake gurudumu la mbele linaburutwa nyuma ya mhimili wake, sawasawa na vigurudumu vya kitanda cha hospitali. Umewahi kuona kitanda kikisukumwa mbio kwenye korido na kigurudumu kimoja kikianza kupiga kushoto na kulia? Ndilo jambo lenyewe. Gurudumu likitoka kwenye mstari linarudi katikati, linapitiliza, linarudi tena. Fremu na uma (miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele), vikijipinda na kujinyoosha, vinakuwa springi. Kasi ya mteremko inatoa nguvu ya kuendeleza mchezo.

Kwa mwendo mdogo, msuguano wa tairi, grisi ya shingo na mwili wako huumaliza mtikisiko kabla haujakua. Kasi ikiongezeka, kuna mahali nguvu inayoingia inazidi ile inayozimwa. Ndiyo sababu baiskeli mpya, kila kitu kikiwa sawa, inaweza kutikisa, na mkweche uliolegea kila mahali ukashuka kimya.

Hesabu ndogo inasaidia. Gurudumu la inchi 28 la baiskeli ya mizigo lina mzingo wa takriban mita 2.2. Kwa kilomita 40 kwa saa linazunguka mara 5 kwa sekunde. Kwa kilomita 50, mara 6 na kidogo. Ringi yenye jino (uvimbe ukingoni), au tairi lenye uvimbe, husukuma usukani mara moja kila mzunguko. Kwa hiyo kwa kasi hizo anayesukuma anasukuma kwa mpigo uleule ambao fremu inaupenda. Unapotafuta chanzo, tafuta vitu viwili: kinachousukuma usukani, na kilichoacha kuuzuia.

Inatulia ikiwa tupu, inatikisa ikiwa na mzigo

Usipoteze muda kwenye spoku wala gololi. Kwa baiskeli za huku kwetu, zinazoshusha viazi, mkaa, mbao na ndizi, hapa ndipo pa kuanzia.

Pakia kama ulivyopakia siku ilipotikisa. Simama kando, shika siti kwa mkono mmoja na usukani kwa mwingine, itikise baiskeli kushoto na kulia mara moja kwa nguvu, kisha izuie isimame. Usitazame gurudumu, tazama juu ya gunia. Likisimama pamoja na siti, mzigo umefungwa. Likichelewa, kisha likaendelea kucheza mara mbili au tatu baada ya siti kutulia, umebeba bembea. Kasi ikifika mahali pake, bembea hiyo itaivuta fremu, na fremu itauvuta usukani.

Mshukiwa wa kwanza ni mpira wa tyubu. Kila mtu anafungia mzigo kwa vipande vya tyubu kuukuu, kwa sababu vinapatikana na havikati gunia. Lakini mpira unanyumbuka. Vuta kipande cha mita moja kwa nguvu zako, utaona kinaongezeka kwa zaidi ya shubiri. Mzigo nao unauvuta vilevile kwenye kila kona. Funga kwanza kwa kamba isiyonyumbuka, kama ya katani, sehemu nne: mbele kwenye bomba la siti, nyuma kwenye mkia wa keria, na pande mbili kwenye miguu ya keria karibu na ekseli. Pande hizo mbili ndizo watu huziacha, na ndizo zinazozuia kwenda kushoto na kulia. Baada ya hapo mpira upite juu ya yote, kazi yake ikiwa kukaza kile kitakacholegea njiani.

Kitalegea. Viazi vikitikiswa kilomita chache hujipanga upya na gunia hupungua unene, hasa kama umepita njia ya vumbi kabla ya kufika lami. Kwa hiyo kaza tena juu ya mlima, mahali pa mwisho tambarare kabla ya kushuka. Dakika tatu.

Uzito ukae wapi? Chini, na mbele ya ekseli ya nyuma au juu yake. Gunia lililosukumwa nyuma linainua mbele. Gurudumu la mbele likikosa uzito linayumba kwa kusukumwa kidogo tu. Jaribu kuinua mbele ya baiskeli kwa vidole viwili ukiwa umesimama kando: ikinyanyuka kirahisi, sogeza mzigo mbele mpaka uegemee bomba la siti. Kama una gunia moja refu, gawa katika mifuko miwili ining'inie kila upande wa keria, kilo zikilingana. Tofauti ya kilo tano kati ya kushoto na kulia unaisikia mara moja kwenye usukani.

Lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, haina nafasi kwenye baiskeli inayoshuka. Keria nyingi za mtumba zimegongwa au kuandikwa kilo 25, na hiyo ni namba ya kweli. Keria nzito ya chuma cha mduara, inayokaa kwenye ekseli kwa miguu minne, hubeba zaidi ya hapo, lakini kagua pale miguu inapounganika na ekseli. Nati ikilegea nusu mzunguko tu, kilo zote zinacheza. Boliti ndogo za juu mara nyingi huchukua spana namba 8 au 10. Za ekseli ya nyuma, 15 hadi 17. Weka nati mbili kila boliti, ya pili ikiifunga ya kwanza.

Dumu la lita 20 lina hila yake. Likijaa mpaka shingoni ni mzigo wa kawaida. Likiwa nusu, maji au maziwa yanakwenda upande mmoja na kurudi, na kurudi kwake hakufuatani na baiskeli. Jaza au acha. Na usitundike kitu chochote kwenye usukani, hata mfuko wa nyanya wa kilo mbili: unaongeza uzito hasa mahali panapotikisika, tena uzito unaobembea.

Kugonga ukifunga breki, au usukani uliolegea

Sasa shingo. Funga breki ya mbele, weka kidole cha mkono mwingine pale uma unapoingia kwenye fremu, nusu juu ya fremu na nusu juu ya uma, kisha sukuma baiskeli mbele na nyuma. Kidole kikihisi vipande viwili vinaachana, gololi za shingo zimelegea. Kama breki zenyewe ni za vyuma na zinacheza, zitakudanganya. Geuza gurudumu la mbele pembeni kabisa, ling'ang'anie kwa goti, ndipo usukume.

Kwa shingo ya zamani yenye nati kubwa mbili: legeza nati ya juu kabisa (mara nyingi spana namba 32), zungusha ile ya chini yake kwa mkono mpaka mchezo uishe, irudishe kama moja ya nane ya mzunguko, ishikilie hapo, kaza ya juu. Pima tena, kwa sababu ukikaza ya juu ile ya chini inabanwa zaidi. Mara mbili au tatu ndipo inakubali. Kwa shingo mpya zisizo na nyuzi, legeza kwanza boliti mbili za pembeni zinazoshika usukani, kaza ya juu kidogo tu kwa spana ya pembe sita namba 5 mpaka mchezo uishe, kisha nyoosha usukani na urudishie zile mbili za pembeni. Anayekaza ya juu bila kulegeza za pembeni anakaza bure, na ataharibu kifuniko.

Kipimo cha kazi nzuri: inua mbele, inamisha baiskeli upande kidogo, gurudumu lianguke lenyewe upande huo bila kusukumwa, na kidole kisihisi mchezo.

Tahadhari na tiba maarufu ya kukaza shingo mpaka usukani uwe mzito. Ni kweli mtikisiko unapungua, kwa sababu msuguano umeongezeka. Lakini baiskeli hujisawazisha kwa usukani kugeuka wenyewe kidogo kidogo, na ukiunyima huo uhuru, kwa mwendo mdogo baiskeli inatambaa kushoto na kulia kama ya mlevi. Gololi nazo zinachimba njia yake. Ni afadhali kufungua, kusafisha kwa mafuta ya taa, na kujaza grisi nzito, ile ya beringi za magari: nayo inazuia, bila kuubana usukani. Uking'oa gololi, hesabu ngapi zilikuwa juu na ngapi chini, na usichanganye ukubwa. Ukinunua mpya, nenda na moja ya zamani mkononi.

Usukani unanasa katikati

Inua mbele, zungusha usukani kwa vidole viwili, polepole sana, kupita katikati. Ukihisi kijishimo kinachoushika pale unapokuwa umenyooka, bakuli za shingo, zile gololi zinamozunguka, zimechimbika. Ni ugonjwa wa baiskeli zilizopita matuta mengi huku shingo imelegea. Dalili yake barabarani ni baiskeli kukataa kwenda sawa: unasahihisha, inapitiliza, unasahihisha tena. Wengi huita kutikisa, lakini ni pole zaidi, labda mara moja kwa sekunde.

Dawa ni kubadili bakuli. Kama hazipatikani leo na gololi zako ziko kwenye mkufu wa bati, toa mkufu, weka gololi huru za ukubwa uleule, jaza duara mpaka lijae kisha toa moja. Zikiwa nyingi kuliko mashimo, haziwezi kukaa zote mashimoni kwa wakati mmoja, na usukani unalainika. Inasukuma miezi kadhaa.

Mkia unayumba, au gurudumu linacheza ukilishika

Shika tairi juu, lisukume upande kwa upande ukiwa umeshika fremu. Mchezo wowote kwenye ekseli ya nati ni mwingi. Koni (nati zinazobana gololi za ekseli) za mbele kwa kawaida huchukua spana nyembamba namba 13, za nyuma 15. Habu (vitovu vya gurudumu) za koni za kawaida hutumia gololi 10 za inchi 3/16 kila upande kwa mbele, na 9 za inchi 1/4 kila upande kwa nyuma. Ukikuta pungufu, kuna aliyefungua kabla yako. Kwa ekseli ya kufunga kwa kishikio, acha mchezo mdogo kabisa wakati kishikio kiko wazi. Kikifungwa kinaiminya ekseli na mchezo huo unaisha.

Habu ya nyuma iliyolegea huhisiwa kwenye siti kabla ya mikono. Ni dalili nzuri ya kutenganisha: kama makalio ndiyo yanaambiwa kwanza, anza nyuma.

Ringi ipime kwa kipande cha chaki kilichoshikizwa kwenye uma. Zungusha gurudumu polepole, sogeza chaki mpaka iguse. Ringi ya alumini isiyumbe zaidi ya milimita 1. Chuma cha zamani, 2. Kaza au legeza spoku kwa robo mzunguko, kamwe si nusu, ukifanya kazi na jozi: moja ya kulia, moja ya kushoto. Kisha zigonge kwa kucha moja baada ya nyingine na usikilize. Spoku za upande mmoja zitoe sauti inayokaribiana. Inayotoa sauti ya kufa imelegea, hata kama ringi imenyooka. Gurudumu lililonyooka lenye spoku zilizolegea ni baya kuliko linaloonekana, kwa sababu linajipinda likiwa na mzigo na kurudi likiwa tupu, na kwa fundi halionyeshi kosa. Baiskeli za mizigo za mtindo wa Kiingereza zina spoku 32 mbele na 40 nyuma. Zihesabu, mara nyingi moja au mbili zimekatika na kuvutwa nje bila kurudishwa.

Tairi

Zungusha na utazame ule mstari mwembamba uliochongwa kwenye tairi karibu na ringi. Uwe na umbali sawa kutoka ringi pande zote. Ukizama mahali fulani, tairi halijakaa: toa upepo, paka maji ya sabuni pale, jaza upya, ling'ate mahali pake. Uvimbe kwenye ukuta wa tairi maana yake nyuzi zimekatika ndani, na hilo halina tiba ya kiraka. Kwenye mteremko mkali kama wa Kitonga litapasuka.

Upepo: fuata namba iliyogongwa ubavuni. Tairi la mbele lenye upepo mdogo huuachia usukani uteleze upande. Lililojazwa kupita kiasi hurukaruka na kupokea kila kokoto. Valvu za zamani zenye kimpira ndani hazipimiki kwa geji ya kawaida, kwa hiyo tumia macho: ukiwa umekaa na mzigo wako wote, tairi lijibonyeze kidogo chini, kiasi cha theluthi ya sentimita hadi nusu kwa tairi jembamba la inchi 28. Kama baiskeli inatikisa na kila kitu kingine kimekaguliwa, punguza upepo wa mbele kidogo ujaribu. Wakati mwingine hilo pekee linatosha, kwa sababu tairi laini linameza zaidi.

Fremu na uma

Baiskeli iliyoanza kutikisa baada ya kugongwa au kuanguka, usiijaribu mteremkoni kabla ya ukaguzi huu.

Chukua uzi mrefu. Funga ncha moja pale ekseli ya nyuma inapokaa upande wa kushoto, uzungushe mbele ya shingo ya fremu, urudi mpaka upande wa kulia, uvute. Pima nafasi kati ya uzi na bomba la siti kila upande. Tofauti ikizidi milimita 3, nyuma imepinda. Kwa uma, angalia kutoka ubavuni: miguu yote miwili ifuatane kama mmoja, na isirudi nyuma ghafla karibu na shingo.

Nyufa hujionyesha kama mstari mwembamba kwenye rangi, wenye kutu. Futa vumbi na utazame chini ya bomba la chini, sentimita chache nyuma ya shingo, na pale miguu ya uma inapoungana. Hapo pakiwa na ufa, baiskeli ipumzike. Kuchomelea bomba la chini kunawezekana, lakini chuma kilicho kando ya weldi hudhoofika na ufa unaofuata huanzia palepale kando; baiskeli hiyo iachiwe kazi za tambarare, bila mzigo.

Fremu za kike na fremu kubwa mno zenye bomba ndefu hujipinda zaidi ya fremu ndogo ya kiume yenye pembetatu kamili. Hilo si ubovu, ni umbo. Aliye nayo apunguze mzigo na kasi kuliko mwenzake.

Inatikisa asubuhi ya baridi tu

Juni na Julai, kutoka Ntokela kushuka, au kipande cha juu cha barabara ya Chunya, unaweza kukuta baiskeli iliyotulia mchana wa jana ikitikisa alfajiri. Chanzo ni wewe. Mwili unaotetemeka kwa baridi hutetemeka mara kadhaa kwa sekunde, karibu na mpigo ule wa fremu, na mikono inaupeleka kwenye usukani. Pia baridi inakaza mabega, na tumeshasema mikono iliyokakamaa inafanya nini. Mapema kabla ya kushuka vaa koti lisilopitisha upepo na glovu. Gazeti lililokunjwa na kuwekwa kifuani chini ya koti lafanya kazi vizuri. Ukianza kutetemeka njiani, simama, tembea na baiskeli mita mia mbili mpaka damu irudi.

Upepo wa malori ni msukumo mwingine. Lori linalokupita kwenye barabara ya Tunduma linakusukuma nje kwanza, kisha linakuvuta ndani, ndani ya sekunde moja au mbili. Msukumo mmoja kama huo unatosha kuanzisha mtikisiko kwa baiskeli iliyo karibu na kasi yake ya hatari. Ukilisikia linakuja nyuma, goti liguse bomba kabla halijafika.

Dalili zisizo za kutikisa kichwa

Ikitokea tu unapofunga breki ya mbele na kuacha unapoiachia, ni breki au ringi yenye jino: pitisha kidole kwenye ukingo wa ringi, tafuta uvimbe. Ikipiga juu na chini badala ya kushoto na kulia, ni tairi au ringi iliyobonyea. Ikivuta upande mmoja tu bila kurudi, ni uma uliopinda au mzigo usiolingana. Mtetemo mwembamba wa haraka kwenye mishikio ni lami yenyewe, au matuta madogo ya mfululizo kabla ya kijiji.

Kujaribu baada ya matengenezo

Usijaribie Kitonga wala Mlima Nyoka. Tafuta mteremko mfupi, ulionyooka, lami kavu, usio na magari, unaoishia kwenye mpando ili baiskeli isimame hata breki zikikuangusha. Simu yenye programu ya kupima mwendo iwe mfukoni. Utasoma kasi ya juu baadaye, si wakati wa kushuka.

Shuka kwanza tupu kwa kilomita 25 kwa saa. Kila safari ongeza kilomita 5. Katika kila kasi, legeza mikono kidogo bila kuiachia, kisha gonga mshikio mmoja kwa kiganja, pigo dogo. Usukani ukitikisika mara moja au mbili na kufa, kasi hiyo ni salama. Ukichukua mara nne au tano kutulia, umekaribia, usiongeze tena. Rudia yote ukiwa na nusu ya mzigo, halafu mzigo kamili, na tarajia kasi ya hatari ishuke kila mara.

Kama kila kitu kimekaguliwa na bado inatikisa kwa kasi ileile, badilisha kitu kimoja kwa wakati, ukianza na cha bei ndogo: upepo wa mbele, kisha siti ishushwe sentimita moja na kusogezwa mbele, kisha gurudumu la mbele la kuazima, kisha tairi la aina nyingine. Gurudumu la kuazima likiitibu, la kwako lina spoku au ringi yenye kasoro ambayo chaki haikuiona. Lisipoitibu, fremu hiyo ina kasi yake. Tuseme ni kilomita 45: basi kuanzia 35 goti liguse bomba, na breki ya nyuma ianze kufanya kazi hapohapo, ikikamatwa na kuachiwa ili ringi isichemke.

Mvua ikinyesha, ringi za chuma zilizolowa hazishiki mpaka mizunguko kadhaa ya kwanza ikaushe maji, kwa hiyo breki hiyo ya nyuma ianze mapema zaidi, kwa 25.